Abonyo Aliyekuwa Mimi

Sisi tuliosoma Kendu Bay enzi za kusiriba sakafu ya darasa kwa mavi ya ng'ombe kila Ijumaa tulifundishwa mengi kabla ya wakati wake. Mwalimu Okeyo wa Kiswahili alipenda fasihi kupita kiasi, akatumwagia masomo ya sekondari tukiwa darasa la saba. Mhusika bapa habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika duara hubadilika kulingana na yanayompata. Basi tukawa tunagawana vyeo uwanjani. Tukicheza kati, ule mchezo wa kulengana kwa mpira, aliyeshika mpira ndiye mhusika mkuu, wanaosubiri zamu ni wasaidizi. Mwalimu mkuu tulimwita bapa, maana tangu tumjue alikuwa na hasira ile ile moja. Watoto wa siku hizi hawana shida hiyo. Kila mmoja ni mhusika mkuu kwenye simu yake, na hata akila chipsi lazima dunia nzima ijue.

Shida yangu mimi ilikuwa nafsi. Nilipewa jina la Abonyo, mke mwenza wa nyanya yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Alimtokea mama ndotoni akidai jina, nami nikapewa. Basi nyanya akaniita nyieka, yaani mke mwenzangu, na hakuwa anatania. Jioni akichambua omena, dagaa wa ziwani, mimi nikitafuna nyoyo ya mahindi na maharagwe, alinisimulia maisha yangu. "Nyieka, unakumbuka nilipoletwa hapa kuolewa? Si ulinipa blanketi lako?" Nikaitikia kwamba nakumbuka. Na kweli nilianza kulikumbuka lile blanketi, jekundu, limetoboka pembeni.

Siku moja Mwalimu Okeyo akatupa insha ya nafsi ya kwanza, kisa cha kweli. Nikaandika nilivyotoka Lambwe kwa miguu kuja kuolewa, nilivyozika watoto wawili, nilivyompa mke mwenzangu blanketi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu alipoisoma kwa sauti darasa lilicheka hadi wengine wakaanguka chini. Yeye hakucheka.

"Wewe Abonyo, huu ni uongo mtupu. Haya ni mambo ya mtu mwingine. Andika upya kwa nafsi ya tatu, ama ulete mzazi."

Nilichanganyikiwa. Nikikataa, mimi ni mwongo mbele ya shule nzima. Nikikubali, nimemkana nyanya. Kicheko cha wenzangu ndicho nilichokiogopa zaidi. Nikaandika upya, yeye badala ya mimi kila mahali, nikapata thelathini na nne kwa arobaini. Darasani kwetu hakuna aliyewahi kupata alama hizo.

Nikakimbia nyumbani kumsomea nyanya, nikimgeuzia kwa Dholuo sentensi moja moja. Abonyo alitoka Lambwe. Abonyo alizika watoto wawili. Abonyo alimpa mke mwenzake blanketi. Nyanya akaacha omena, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza polepole, "Kwani Abonyo alikufa?"

Akajifunika uso kwa leso, akalia kama watu wanavyolia matangani, peke yake, kwa ajili ya mtu aliyezikwa miaka mingi nyuma. Tangu siku hiyo aliniita Beatrice, jina langu la ubatizo, kwa upole ule ule. Hadithi hazikukoma, ila zote zilikuwa za Abonyo fulani, marehemu.

Sasa nyanya hayupo, nami nina mvi. Wapwa wangu wananishauri nifungue ukurasa mtandaoni nisimulie maisha yangu, eti watu wanapenda mtu anayejieleza mwenyewe. Sijui niwajibu nini. Mwalimu alikuwa sahihi, nadhani, na nyanya naye hakudanganya. Enzi zetu tulisimuliwa na watu waliotupenda. Leo kila mtu anajisimulia. Nimejaribu na mimi, na kila nikiandika "mimi" nasita, kwa sababu sina hakika nimemtaja nani.