Taulo Lililobaki Begani

Siku niliyosema ndiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa asubuhi, katika karakana ya reli hapa Kindu, na nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la vifaa bila kazi yoyote mikononi. Gari moshi lilikuwa halijafika kwa miezi mingi. Vita vilikuwa vimekata njia, na sisi mafundi tulikwenda kazini kwa mazoea tu, kupangusa mashine zisizokwenda popote. Mtu mmoja akaja akakaa karibu nami, akaniomba jambo alilosema ni dogo, nami nikakubali kabla hajamaliza kueleza. Hakuna aliyenishika shingo. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma hadi sekondari, na nilielewa kila neno alilosema.

Mtu huyo tulimwita Patroni. Alileta bidhaa kwa ndege, na wakati ule ndege ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee wa mji. Wewe uliyezaliwa baadaye huenda usiamini habari ya chumvi. Mji ulikuwa umezungukwa, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Chumvi iliadimika hata watu wakatoa kuku mzima kwa chumvi ya kujaza kikombe. Wake zetu walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu, na maji yale machungu ndiyo tuliyotia katika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Watoto walikataa kula. Patroni alikuwa na chumvi nyeupe, kavu, gunia juu ya gunia.

Lakini ndege yake ilishuka kwa ruhusa ya mkubwa wa askari waliolinda uwanja, na mkubwa huyo alikuwa na bondia wake, sajini mmoja mwenye mabega kama mlango. Alitamani sana kumwona sajini wake akishinda mbele ya watu. Taabu ilikuwa moja: hapa mjini alikuwepo Ramazani.

Ndondi hazikufa wakati wa vita. Kila Jumapili alasiri tulijaa katika ghala la mizigo la stesheni, ambalo halikuwa tena na mizigo, na humo tulijenga ulingo kwa mataruma ya reli na kamba za tishari. Mabondia walilipwa kwa unga, sabuni na vitambaa, na Ramazani aliishi kwa kazi hiyo. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mcheshi hata katikati ya pigano. Tena alikuwa shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu Anjela. Baba yetu, aliyekuja na reli kutoka Katanga na kushika sana kanisa, alinung'unika kidogo kumpa Mwislamu binti yake, halafu Ramazani akamchekesha, mambo yakaisha.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo. Sisi wa ghala lile tulikuwa na desturi yetu. Mtu wa kushika taulo katika kona ya bondia alikuwa shemeji yake, ndugu wa mke wake. Rafiki anaweza kuona haya kusalimu amri. Kocha anaweza kutaka sifa. Lakini ndugu wa mke anajua kwamba bondia akifa, dada yake ndiye atakayebaki mjane, kwa hiyo huyo hatachelewa kutupa taulo. Kwa desturi hiyo mimi ndiye niliyeshika taulo la Ramazani. Tulikuwa na ishara yetu pia: akipiga paja lake kwa glovu mara tatu, maana yake ameumia, nitupe.

Patroni alitaka Ramazani alale raundi ya tano, yaani ajiangushe na kujifanya ameshindwa. Sajini asiambiwe kitu, maana mkubwa wake alitaka afurahi kwa ushindi wake mwenyewe. "Ni kulala kidogo tu," aliniambia. "Mutu analala, anaamuka, anakula chumvi." Gunia moja zima lingekuwa langu kwa kumshawishi shemeji, na yeye angepata lake.

Ramazani alikataa. Alikataa mara mbili, na mara ya pili hakucheka. Nami nikaendelea kwenda kwake, nikamwambia watoto wa Anjela wanakonda, nikamwambia jina lake litarudi pigano lijalo. Mwisho akaniuliza, "Shemeji, na yule sajini? Yeye hajui. Atanipiga kweli." Nikamjibu, "Mimi niko pale na taulo. Unaogopa nini?" Akasema sawa, kama ni wewe.

Jumapili ile ghala lilijaa hadi juu ya mabogi mabovu yaliyokuwa nje mlangoni. Raundi mbili za kwanza Ramazani alimzungusha yule sajini kama mtu anayetafuta mlango gizani. Watu walicheka. Mmoja akamwuliza sajini kama amepoteza funguo. Raundi ya tatu Ramazani akaanza kushusha mikono kidogo kidogo, kama tulivyopanga, ili kuanguka kwake kusije kukashangaza watu. Ndipo sajini alipompata, nyuma ya sikio, pigo zito lililotoka begani.

Ramazani akayumba. Halafu nikaona glovu yake ya kushoto ikipiga paja, mara tatu.

Mwanangu, niliiona. Sitasema sikuiona. Nilidhani ameanza maigizo mapema. Kengele ikalia, akaja kukaa kwenye kigoda, nikammwagia maji kichwani, akasema polepole, "Shemeji, sioni muzuri." Nami nikacheka. Nikamnong'onezea, "Acha muchezo, mpaka kwangu unaigiza? Bado raundi mbili." Akageuza uso kuelekea sauti yangu, si kuelekea macho yangu, na hilo pia nililiona. Kengele ikalia. Nikamsukuma mgongoni asimame.

Raundi ya nne alianguka mara moja akainuka kwa kushika kamba. Raundi ya tano hakuinuka. Watu wakaanza kunipigia kelele. "Weye shemeji, tupa taulo! Dada yako atabakia na nani?" Mwingine akauliza kwa sauti kama nimelala. Na mimi nilikuwa nimekaa, taulo begani, nikiwasikitikia kwa kutojua siri. Moyoni nilikuwa nasema, huyu Ramazani ni fundi kweli, tazama anavyojilegeza. Mwamuzi akahesabu hadi kumi. Sajini akainua mikono. Patroni alikuwa anapiga makofi kando ya mkubwa wa askari.

Ndipo nilipotazama chini. Ramazani alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na glovu yake ilikuwa bado inapiga paja. Tatu, kisha tatu, kisha tatu. Kuhesabu kulikuwa kumekwisha, na bado alikuwa ananiita.

Nilijua mambo yote ya pigano lile kuliko mtu yeyote ghalani, na mimi peke yangu ndiye niliyeshindwa kuona kilichoonwa na kila mtu.

Tulimbeba hadi hospitali juu ya mlango tulioung'oa ghalani. Daktari alisema damu imevuja kichwani, na hapa hana cha kumfanyia; apelekwe mji mwingine kwa ndege. Nikakimbia kwa Patroni. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwomba nafasi moja tu katika ndege inayorudi. Akasema ndege imejaa wakubwa na mizigo yao. Nilipopiga magoti aliniangalia kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Lakini si tulisema analala tu?"

Ramazani hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, na macho yake mawili hayakuona tena. Gunia la chumvi lilikuwa limekwisha kufika kwangu, lake likaletwa pia. Anjela akaja kunishukuru. Kunishukuru mimi, mwanangu. Alisema, akiniita kaka kwa Kiswahili cha hapa, "Yaya, wewe njo ulikuwa karibu yake. Mungu akulinde." Nikamdanganya kwamba magunia yale ni pole ya watu wa ndondi, nikamwongezea nusu ya langu. Akapokea kwa mikono miwili.

Ramazani hakumwambia mke wake neno. Nadhani aliona haya, au alikuwa ananihifadhi mimi. Ila tangu siku ile aliomba chakula chake kisitiwe chumvi. Anjela alifikiri ni ugonjwa. Alimpikia chungu cha pembeni, miaka na miaka, hata vita vilipokwisha na chumvi ikajaa kila duka. Mara nyingine nilialikwa, nikaketi mbele yake, yeye akila sombe lake lisilo na kitu na mimi nikila lile lenye chumvi. Hakuwahi kunisema. Alikuwa anauliza habari za karakana, na kama gari moshi limefika. Tulimzika bila mimi kufungua mdomo.

Ningeendelea kuufunga hadi kaburini, lakini mwaka huu alikuja Yusufu, mtoto wao wa mwisho, ambaye naye ni bondia. Alikuwa na pigano kubwa, na kwa kuwa hajaoa bado, hana shemeji, desturi inampa mjomba. Aliketi uani kwa mama yake, Anjela akitwanga sombe, akaniomba nishike taulo. Halafu akasema kwa kucheka kwamba kuna bwana mmoja wa kamari za simu anataka aanguke raundi ya tano. "Mjomba, ni kulala kidogo tu."

Maneno yale yale. Hakuwa ameyasikia kwangu, wala kwa baba yake. Nikasema yote pale pale, tangu sanduku la vifaa hadi glovu. Sikujua nilikuwa nasema kwa sauti gani. Nilijua tu kwamba mchi umeacha kutwanga.

Anjela hakulia. Alisimama na mchi mkononi, akasema, "Basi njo sababu hakukula chumvi." Akaingia ndani, akafunga mlango. Yusufu alimrudia yule bwana siku ile ile akamkatalia, na taulo akampa mtu mwingine. Wiki iliyofuata, nilipofungua mlango wangu asubuhi, nilikuta gunia jipya la chumvi limewekwa kizingitini, na nusu ya gunia kando yake. Hakukuwa na barua. Haikuhitajika.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe uliye na ngumi, au mwenye kushika taulo, au mwenye kuhesabu hadi kumi. Akija mtu kukuambia jambo ni dogo, mwache aende kabla hajakuonyesha atakupa nini, kwa kuwa ukishakiona utaanza kutafuta sababu. Pigano lililouzwa lina mtu mmoja ndani yake asiyejua kwamba limeuzwa, naye atapiga kwa nguvu zake zote. Na wewe uliyeuza hutaweza tena kutambua maumivu ya kweli, hata yakikuita kwa ishara uliyoitunga mwenyewe. Kama umekwisha kukosea, sema mapema, mtu wako akiwa hai, akiweza kukujibu. Mimi nilichelewa.

Mungu akupe macho ya kuona anayekuita, na mkono usiosita kutupa. Akujalie nyumba ambayo ndugu zako wanaingia bila kubisha hodi.

Nyumbani kwangu hakuna anayeingia hivyo. Ndiyo niliyoisema asubuhi ile karakanani ilimgharimu Ramazani macho yake. Mimi ilinigharimu dada yangu, ndugu pekee niliyebakiwa naye. Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, na hasemi nami.