Misuko ya Dirishani

Msusi wa nyumba ya kona tulimwita Mama Vidole, kwa sababu vidole vyake havijui kupumzika. Hata akikaa kusikiliza mahubiri, matamvua ya mtandio wa jirani yanajikuta yamesukwa. Korona ilipoingia mara ya kwanza, hakuna aliyeogopa kama yeye. Aliosha ndizi kwa sabuni, akamhamishia mumewe sebuleni, na jogoo aliyepiga chafya akatengwa peke yake chini ya tenga. Kilipokuja kirusi cha pili alivaa barakoa tu. Cha tatu, barakoa ikashuka kidevuni. Siku hizi redio ikitangaza kuwa kimezuka kingine, anauliza, "Na hiki wamekipa jina gani?" kama mtu anayeletewa habari za mtoto mwingine wa jirani asiyejua kupumzika kuzaa.

Kwa hiyo asubuhi ile redio ilipotangaza, vidole havikusita. Tatizo ni kichwa kilichokuwa chini ya vidole. Kilikuwa cha Mama Biharusi, ambaye kesho yake alikuwa anamwoza binti, na wakwe wenyewe ni watu wa kukagua hata nyuma ya sikio. Upande wa kulia ulishasukwa, umelala kama mkeka mpya. Wa kushoto ulikuwa umesimama wima, utadhani nao umesikia ile redio.

Hapo hapo poda ikamwingia Mama Vidole puani. Akapiga chafya.

Mama Biharusi aliruka kutoka kitini, chanuo likimning'inia kichwani. "Ndicho hicho! Kile kipya!"

"Poda hiyo, dada yangu."

"Poda, poda! Wote husema poda!"

"Mbona juzi sokoni nilipopiga chafya ulinishika mkono ukanicheka?"

"Juzi kilikuwa cha zamani. Cha zamani tumeshazoeana nacho."

Akakimbilia mlangoni. Mlangoni akakumbuka kichwa, akarudi. Akakumbuka kirusi, akatoka tena. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyekwishaweka nyundo chini ili aone vizuri, akapaza sauti: "Shemeji, leo umekuja mzima au umekuja nusu?"

Mama Vidole akaona jina lake linakwenda na maji. Kichwa kile kikipita mtaani vile kilivyo, nani ataleta tena chake? "Kaa hapo nje," akasema. "Nipe kisogo dirishani. Mimi nabaki ndani, mikono napitisha kwenye nondo. Kirusi kikikutaka, kizunguke mlangoni kama wageni wengine."

Sijui kwa akili gani, lakini hoja hiyo iliwaridhisha wote wawili.

Kiti kikatolewa, kazi ikaendelea. Kwa jinsi nondo zilivyobanana, Mama Vidole hakuona vizuri anachoshika, ila vidole vyake havijawahi kuhitaji macho. Hilo ndilo lililowaponza. "Tayari," akasema. "Inuka ukajione." Mama Biharusi akainuka. Kichwa kikabaki.

"Niachie!"

"Sijakushika."

"Sasa nani kanishika?"

Nondo ilikuwa imesukwa. Tena imesukwa kwa ustadi, imelala katikati ya misuko kama mwenzao wa kuzaliwa nao.

"Nenda tu na dirisha, shemeji," akashauri fundi viatu. "Wakwe watajua umetoka nyumba ya kujiweza."

Mama Vidole akatoka mbio. Fundo lilikuwa dogo, la kufunguliwa kwa meno, ikabidi wagandane shavu kwa shavu. Mama Biharusi akamtukana pua kwa pua, mate yakiruka: mchawi mkubwa, anataka mtoto wa watu aachike kabla hajaolewa! Mama Vidole naye akamrudishia hayo hayo, pamoja na mate yake. Kirusi kipya hakuna aliyekitaja.

Fundo likaachia. Wakaingia ndani wote wawili, wakafunga mlango kumkomoa fundi viatu, kiti kikarudishwa mahali pake pa siku zote, na misuko ile ikasukwa upya. Mama Biharusi akajitazama kiooni: kulia, kushoto, nyuma ya sikio. Wakwe na waje! Mama Vidole akampiga poda shingoni kumfuta vinywele.

Mama Biharusi akapiga chafya, kioo kizima kikaingia ukungu.

Mama Vidole akarudi nyuma. "Hicho ni kile kipya?"

"Kipya kitoke wapi?" akasema Mama Biharusi, akijitanda mtandio taratibu asiharibu misuko. "Hiki changu ni cha zamani."