Mzee Toa Hilo

Anayeandika hapa leo si Mama Limi. Ni mume wake, Clemens Jilala, wa Runzewe. Mimi sikusoma. Ninasema, shemeji yangu Eufrasia anabonyeza simu. Herufi zikikosewa, mlaumuni yeye.

Wengi mlikuja kumzika. Wabeja, asanteni sana. Ambao hamkupata habari, Coletha, huyo Mama Limi wenu, alifariki kiangazi hiki, kwa presha. Tumemlaza nyuma ya nyumba, upande wa shamba la viazi.

Alizaliwa Ushirombo, Msumbwa, mtoto wa katekista. Alimaliza darasa la saba. Mimi ni Msukuma wa ng'ombe na herufi r inanishinda hadi leo. Nilipokwenda kwao kuposa nilisimama mbele ya wazee nikasema nimeleta balua. Eufrasia alikuwa mtoto, alichungulia dirishani akacheka. Tangu siku ile ananiita Shemeji Balua. Coletha hakucheka. Aliipokea.

Machimbo yalipochangamka alipika wali na maharage kwa wachimbaji. Bati za nyumba hii zimetoka kwenye sufuria zake. Alimjua kila mtu, nani kaoa, nani anaumwa. Miguu ilipoanza kuvimba akaacha kupika. Limi, binti yetu aliyeko Kahama, akamletea simu kubwa akamwingiza kwenye hili Baraza la Runzewe la mtandaoni. Humu kila mmoja ana ukurasa wake, wanauita blogu. Yeye wake akauita Uani kwa Mama Limi.

Aliandika jioni, amekaa mkekani, miguu kainyoosha. Akimaliza ananisomea kabla ya kurusha. Nilisikiliza tu. Akifika pale aliponitaja mimi, ninamwambia, toa hilo. Anasema, sawa, baba. Anabonyeza. Mimi ninaamini.

Siku ya mazishi mama mmoja nisiyemjua alinishika mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, Mzee Toa Hilo." Nikadhani amekosea msiba.

Matanga yalipoisha, Philomena, anayesimamia Baraza hili, alinipigia simu. Alinipa shikamoo na pole, halafu akaeleza. Kuna watu huchukua kurasa za marehemu, wakaomba michango kwa majina yao. Kwa hiyo humu kila ukurasa lazima uwe na mwenyewe, aliye hai, anayeandika. Usipokuwa naye unafungwa, na yaliyomo yanafutika. Akauliza nani ataushika. Nikamwambia hakuna. Limi ana kazi na watoto, mimi sijui kusoma. Afunge.

Akasema atasubiri hadi Jumamosi.

Asubuhi yake nilikaa na ile simu mkononi. Yote aliyoyasema pale mkekani yalikuwa humo ndani, na mimi ndiye nimesema yafutwe. Nikamwomba Eufrasia anisomee, angalau niyasikie kabla hayajaondoka.

Akaanza na habari za Kijiko. Kijiko alikuwa maksai wetu, pembe yake moja imepinda. Tulimchinja kwenye harusi ya Limi. Coletha ameandika kwamba nilikwenda nyuma ya zizi nikarudi macho mekundu, nikasema ni moshi, wakati moto ulikuwa haujawashwa. Halafu chini akaongeza: Mzee amesema, toa hilo.

Nikamwambia Eufrasia asome nyingine. Hiyo ilikuwa ya viatu. Nilimnunulia Coletha viatu Kahama, vikawa vidogo, nikabishana naye kwamba ni mguu ndio umekosea. Nayo mwisho wake: Mzee amesema, toa hilo. Kuna ya mimi kuongea na ng'ombe kuliko ninavyoongea na majirani. Hivyo hivyo. Eufrasia alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

"Kumbe alikuwa ananidanganya," nikasema.

"Wewe peke yako, shemeji. Sisi wengine alituambia ukweli."

Nikaondoka. Nikawapeleka ng'ombe kunywa maji. Njia nzima nilikuwa na hasira. Watu wa Kahama, wa Kagongwa, watu nisiowajua, wote wananijua mpaka machozi yangu. Nilipofika bwawani nikakuta nina hasira na mtu ambaye hayupo. Sikujua niipeleke wapi.

Niliporudi nikamuuliza Eufrasia watu walisema nini kuhusu mambo hayo. Akatafuta. Bwana mmoja alikuwa amemuuliza Coletha mbona anamwaibisha mume wake mbele za watu. Na yeye alikuwa amejibu. Eufrasia alisoma polepole.

"Mume wangu hasemi. Ukimuuliza habari, atakujibu nzuri, basi. Hayo anayotaka niyatoe ndiyo yeye mwenyewe. Nikiyatoa, nitakuwa nimeishi na nani?"

Eufrasia safari hii hakunitania.

Chini kabisa kulikuwa na swali. Violeth wa Kagongwa alitaka kujua kwa nini matobolwa yake, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, yanaota ukungu. Aliliuliza wiki ambayo Coletha alikuwa amelazwa. Watu wamemjibu, kila mtu na lake, mmoja hata amemwambia atie chumvi. Yeye ameshukuru, akasema anamsubiri Mama Limi.

"Mjibu," nikamwambia Eufrasia.

"Nimjibu kama nani? Ukurasa si unafungwa?"

"Mjibu kama mimi."

"Basi mpigie Philomena kwanza, Shemeji Balua. Huwezi kuita wageni huku unang'oa mlango."

Nikampigia. Nikamwambia asifunge, nitakuwa ninasema na kuna mtu wa kuandika. Akauliza jina la ukurasa. Nikasema libaki lile lile, uani ni kwake. Akauliza jina la mwandishi, nikamwambia aweke Clemens Jilala.

"Mzee wangu, humu hakuna anayemjua huyo."

Nikamwambia basi, aweke lile wanalolijua.

Kwa hiyo ndilo hilo mnaloliona hapo juu. Habari za nani kaoa sitaziweza. Michango siombi, akiomba mtu kwa jina letu ni mwizi.

Violeth, mwanangu, pole kwa kusubiri. Chumvi achana nayo. Unakata viazi vingali vya moto, ndiyo maana. Chemsha, menya, viache vipoe kabisa, ndipo ukate. Usianike kwenye turubai, linashika jasho. Tafuta kichanja, upepo upite chini. Coletha alikuwa anageuza, mimi ninafukuza kuku. Ukiyatikisa kwenye ungo yakalia kama kokoto, yamekauka. Ukungu hautayagusa.