Mrija wa Baruti wa Baba

Baba alikuwa mwindaji, na risasi za bunduki yake alizijaza mwenyewe katika maganda yaliyokwisha kutumika. Baruti ukiimimina tu, inakaa ovyo, ganda linafurika kabla kipimo hakijaisha. Ukiipitisha polepole kwenye mrija mrefu uliosimama wima, inashuka na kujipanga yenyewe. Mrija wake ulikuwa umepinda. Nilipokuwa naondoka kwenda Guangzhou kufuata mzigo wa biashara, alinipa uzi alioukata kwa urefu wa mkono wake: nimletee mwingine wa shaba, urefu uleule.

Niliupata karibu na barabara ya Yide, kwa mzee muuza mabomba. Tulivutana bei kwa kikokotoo chake, yeye anaandika, mimi nafuta, mpaka akacheka kwa kuchoka. Nikaupima kwa uzi mara mbili. Halafu nikafanya tulichofanya wafanyabiashara wote pale Xiaobei, mtaa tuliofikia, kwa kitu kisichoingia kwenye katoni: nikamwonyesha aukate katikati. Tulikuwa tukilipia nafasi ya kontena. Hata meza tuliing'oa miguu. Vipande viwili vikalala vizuri kati ya madaftari, nami nikajiona mjanja.

Jumapili nikampigia baba, yeye akisubiri kwenye duka lenye simu. Nikajisifu nilivyookoa nafasi. Akashukuru, akauliza kama nakula vizuri.

Nilielewa nikiwa kwenye ngazi za hoteli. Kazi ya mrija ule ilikuwa urefu wake. Hata ningeuunga, baruti ingekwama kwenye kiungo. Kesho yake nikarudi kununua mwingine, mzima. Sikupunguza bei hata senti. Yule mzee aliirudia mara mbili, akidhani sijaiona. Huo ningeubeba mkononi mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata niliingia nao kwenye kibanda cha simu, nimeubana magotini. Baba akaniwahi.

"Bunduki nimeikabidhi polisi, mwanangu. Uliposema umeukata, nikajua umeona nimezeeka, unaniambia kistaarabu niache. Na kweli, macho yamekwisha."

Ningemweleza ukweli, angejua ameitoa bunduki yake kwa sababu ya katoni ya madaftari. Nisingemweleza, angebaki akiamini mwanawe ndiye aliyemstaafisha. Nikapiga hesabu, nikairudia. Pande zote hasara.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Sasa upumzike."

Akanishukuru kwa kutomwambia mbele za watu.