Mfuko wa Wavu wa Waisiko

Waisiko wa Nyamwaga alichimba bwawa lake kwa jembe, bondeni nyuma ya migomba, baada ya mumewe kufariki. Watu walicheka: Mkurya na samaki wapi na wapi? Walicheka, kisha wakaja na sufuria kuomba sato.

Shemeji yake, Mseti, hakucheka. Alilitaka lile bonde anyweshee ng'ombe. Mbele ya ukoo wakapatana: Waisiko avue, watu waone. Vifaranga wa samaki wakibaki, bwawa ni lake. Wakiisha, bonde ni la ng'ombe.

Basi akatafuta wavu wa kukokota wenye macho mapana. Mayunga, Msukuma aliyekuja huku kuchimba dhahabu lakini amekulia ziwani, akaushika na kuuvuta mbele yake.

"Mama, unaona? Jicho ni pana, lakini likivutwa linarefuka, linafumba. Mdogo hatoki."

"Sasa nifanyeje?"

"Samaki wanajazana kwenye mfuko wa katikati. Ukate, uugeuze mshazari, ushone upya. Hapo hata ukivuta, jicho linabaki wazi kama dirisha."

Waisiko akashona mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya kuvua akaita risaga. Kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Unapika togwa, majirani wanakuja. Mseti akatangulia, akaukuta wavu umeanikwa.

"Nani kashona hivi? Mfuko umekaa upande kama kofia ya mlevi!"

"Uache hivyo hivyo, shemeji. Umegeuzwa makusudi."

Waisiko akaingia jikoni kuangalia togwa. Alipotoka, Mseti ameshaukata mfuko, amefunga kipande kilichobaki cha wavu ule ule, kimenyooka. Akapitisha vidole vitatu kwenye jicho.

"Ona, macho ni yale yale. Unalia nini?"

"Rudisha wangu!"

"Wanaume wamesimama majini, wakusubiri wewe na uzi wako?"

Wakavuta. Si kuvuta kwa mvuvi. Ni kushindana, upande huu na ule, kwa nyimbo, kama wanatoa fahali shimoni. "Tia nguvu, mura!" Nilikuwa ukingoni, nikayaona macho ya wavu yakifumba. Mfuko ukatoka umejaa: wakubwa juu, chini yao vifaranga wa urefu wa kidole, wamebanana kama dagaa. Waisiko akaruka kwenye tope, akawa anawarudisha kwa viganja. Wakaelea tumbo juu. Wavutaji hata hawakumngoja. Wakavuta tena, na tena, mpaka wavu ukatoka na tope tupu.

"Si umepata samaki?" Mseti akasema. "Shukuru basi."

Alijua anachofanya? Sijui. Ila wiki haikuisha ng'ombe wake walikuwa wamesimama bwawani. Ukoo ukasema makubaliano ni makubaliano. Habari ya mfuko hakuna aliyeiuliza; midomo ilikuwa bado ina mafuta ya sato.

Sasa Waisiko anauza ndizi sokoni Nyarero. Mteja akimuuliza samaki wameishia wapi, anamjibu bila kuinua uso:

"Kawaulize ng'ombe wa shemeji. Chagua ndizi, nina watu wanasubiri."