Munganga wa estomac na kinwa ya papa Josué

Bamama, leo bwana yangu alipiga miayo, kinwa ikakatala kufungika!

Kweli. Papa Josué, ule mwenye kusema kushinda radio, iko paka "Aaa! Aaa!" Mate inatoka. Minye niko nalia, niko naomba Yezu.

Ku dispensaire, infirmière anatuambia: "Mama, taya imetoka pa fasi yake. Mukimbie ku lopitalo, muulize stomatologue."

Njia yote narudilia ile jina, nisiisahau. Stomato, stomato... Tunafika, naambia sentinelle: "Tunatafuta munganga wa estomac, ule wa tumbo." Anatuonesha mulango.

Docteur analalisha papa ku kitanda, anamufinya tumbo.

"Aaa!"

"Inauma hapa?"

"Aaa!"

"Na hapa?"

"AAAA!"

"Mama, hii tumbo iko mubaya sana."

Papa Josué anaonesha kinwa na vidole yote. Docteur anamujibu: "Muzuri papa, bakisha wazi vile, nitaangalia na ulimi."

Pale nikalalamika: "Docteur, njo taya yenyewe!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe stomatologue ni munganga wa kinwa na taya! Mulango yake ilikuwa ng'ambo tu.

Tukavuka kwake; ule stomatologue akatia vidole gumba mu kinwa ya papa, akasukuma taya chini. Klak! Ikafunga.

Nikangoja papa anigombeze. Neno yake ya kwanza:

"Mama Josué, ule docteur wa tumbo alisema kweli. Inaniuma na njala. Bukari iko?"

Sasa iko nakula, matonge kidogo kidogo.

Museme kweli bamama: weye ungesikia nini mu ile jina?