Walisema Ni Uvivu

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema uchovu ni mambo ya kichwani tu, damu inanichemka. Nilitimiza miaka arobaini na nane nikiwa nasikia maneno hayo karibu kila siku, na nusura yanizike.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Masasi. Kazi yangu ni ya kukaa, na baada ya watoto kuondoka nyumbani mwili ulianza kujaa. Nilipopimwa kliniki nikaambiwa presha imepanda. Nesi akanipa vidonge, akaniambia kwa upole kwamba nipunguze uzito. Sikulikataa neno lake, maana lilikuwa la haki. Aliyeliharibu ni mume wangu. Jioni nilipomweleza alicheka, akasema, "Si nilikwambia? Kila siku nakwambia."

Hakuwahi kuniambia. Alichokuwa akiniambia kila siku ni kwamba chakula kimechelewa.

Nikajiunga na klabu ya jogingi. Alfajiri tulikuwa tunakimbia barabarani chini ya yale majabali ya mjini, kisha tunarudi uwanjani kuruka na kuchuchumaa. Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa mwanamume mwenye umri wa mdogo wangu wa kiume, amejengeka kifua, na alikuwa na majibu ya kila kitu. Asubuhi kunywa maji ya limau. Mchana usile. Jioni kula mboga za majani na kipande cha samaki, basi. Ugali, wali, mihogo, hata mbaazi, vyote aliviita sumu. Nami nikamsikiliza. Nikawa nasonga ugali nisioula, nampakulia mume wangu, kisha naenda kukaa nje ili nisisikie harufu ya huo ugali.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nilizibana gauni zangu mwenyewe kwa furaha, na wateja wakanisifu. Kisha uchovu ukaingia.

Usingizi naujua, na huu haukuwa usingizi. Nilikuwa naamka asubuhi kana kwamba usiku kucha nimelima shamba la mtu. Nikipanda ngazi ya duka langu, ambayo haifiki hata magotini, moyo ulikuwa unadunda mpaka masikioni. Siku moja nilikata kitambaa cha bibi harusi nikatoa mikono miwili, yote ya kushoto. Nilikaa nikaitazama ile mikono nisielewe nimefanyaje. Yule binti alilia mbele yangu, nami nilikuwa nimechoka mno hata kumwomba radhi sawasawa.

Kulikuwa na jingine nisilomwambia mtu. Siku zangu, ambazo nilidhani zinakaribia kukoma, zilikuwa zinakuja kwa fujo. Zinakaa, zinaondoka, zinarudi kabla sijapumzika. Nilijua wanawake wa umri wangu hupitia hayo, na hakuna anayeyazungumza, basi nami nikanyamaza nikavumilia.

Lakini uchovu niliusema. Nilimwambia mwalimu wa mazoezi uwanjani, watu wote wakisikia.

"Mwalimu, naona nguvu zinaniishia."

"Mama, huo ni uvivu," akajibu. "Mwili unakudanganya. Ukiusikiliza umekwisha. Haya, ongeza mzunguko mmoja, wenzako wakupigie makofi!"

Wakapiga makofi. Nikakimbia huku dunia inaingia giza pembeni mwa macho. Nilipomaliza akawaambia wengine, "Mmeona? Kumbe anaweza."

Nilimwambia na mume wangu. Alikuwa anakula. "Si umeyataka mwenyewe?" akasema, wala hakuinua kichwa. Wiki chache baadaye aliingia ndani amenuna. Watu kijiweni walikuwa wamemuuliza mke wake anaumwa nini mbona amekwisha hivi, na walimuuliza kwa namna ya kumaanisha ugonjwa ule. "Unanitia aibu," akaniambia. Nilipokuwa mnene nilimtia aibu, na sasa nimekonda bado namtia aibu. Usiku ule nilimchukia, nasema kweli, na wala sikuwa na nguvu za kugombana naye.

Ulipofika msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho, binti wa dada yangu akawa anaolewa Newala. Nikapanda gari kwenda kusaidia shughuli. Huko juu upepo ni wa baridi, nilidhani utanichangamsha. Nilimkuta dada yangu uani na wanawake wengine wanachambua mbaazi. Akaniwekea sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini tulivyokula tangu utotoni, vinatoa moshi. Nikaisogeza pembeni.

"Siku hizi unaogopa chakula?" akaniuliza.

"Niko kwenye dayati."

"Dayati gani hiyo? Midomo yako imekuwa myeupe kama ya maiti."

Nikainuka nichukue ndoo ya maji ili nimwonyeshe kwamba ninaweza. Nakumbuka nilishika mkono wa ndoo. Kilichofuata ni mchanga mdomoni na sauti za wanawake juu yangu. Mmoja alisema ni mimba. Mwingine alisema hayo ni mashetani, aletwe mtu wa kuyapunga. Wa tatu alinong'ona habari za ugonjwa ule, wenzake wakasema "ahaa." Nilisikia yote. Nililala pale nikiwa na hasira ya kuwauma, na sikuweza kuinua hata kidole.

"Tokeni hapa!" dada yangu akafoka. "Mnamzibia hewa!" Akaita bodaboda, wakanipakia katikati, yeye nyuma amenishika kiunoni, na hivyo ndivyo nilivyofika hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke. Alinivuta kope la chini, akatazama viganja vyangu, kisha akauliza, "Siku zako zikoje?"

Nilianza kulia. Miezi yote ile, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Walipopima wakakuta damu imebaki kidogo sana. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi, si mkubwa, lakini ndio uliokuwa unanimwaga damu. Presha nayo ilikuwa imeanguka, kwa sababu nilikuwa nameza vidonge vilevile vya wakati ule huku nimekonda na sili.

"Nani alikwambia usile?" daktari akauliza.

"Mwalimu wa mazoezi."

"Na nani alikwambia uendelee kukimbia katika hali hii?"

"Huyohuyo."

"Angekuwepo hapa," akasema, "wewe ningekuwekea dripu, yeye ningemwekea makofi."

Niliongezewa damu. Harusi ikapita nikiwa wodini.

Mume wangu alifika siku iliyofuata, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia nimechoka. Mara ngapi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Dada yangu akamkabidhi bakuli la uji na kijiko, akamwambia, "Mlishe." Akanilisha. Hakuzoea kulisha mtu, uji ukanidondokea kifuani, nami sikumhurumia.

Niliporudi Masasi nikiwa na dawa za kuongeza damu na za kuzuia ule mtiririko, nilisubiri mpaka niweze kutembea bila kushika ukuta. Ndipo nikaenda uwanjani nimejifunga khanga.

"Mama, karibu!" mwalimu akaita. "Tulidhani umekata tamaa."

"Sikukata tamaa. Niliishiwa damu. Nimelazwa, nimetiwa damu ya watu wengine, na wewe uliniita mvivu mbele ya hawa."

"Lakini mama, mimi si daktari," akasema.

"Basi usijifanye daktari! Mtu akikwambia amechoka, mwambie akapime. Usimpigie makofi."

Akatazama chini, akasema wakati unakwenda, wenzangu waendelee na mazoezi. Hakuniomba radhi, na mpaka leo hajaniomba.

Nilipokuwa naondoka, mwanamke mmoja wa klabu yetu, mwuza samaki wa rika langu, alinikimbilia mpaka barabarani. Alikuwa anahema kupita kiasi. "Dada," akaninong'oneza, "hizo siku zinazorudi-rudi... nami ninazo." Nikamshika mkono, tukaenda naye hospitali asubuhi ileile.

Sasa natembea naye jioni, polepole. Nakula asubuhi, nakula mchana, na ugali naula, tonge za kunitosha. Uzito umerudi kidogo, kisha ukaanza kushuka tena taratibu. Kuna siku nachoka, na nikichoka napumzika. Mume wangu akifungua mdomo namtazama tu, anaufunga.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima tena. Damu imepanda na presha imetulia. Daktari wa zamu alinirudishia cheti, akauliza kama nina swali, macho yake tayari yako kwa mgonjwa anayefuata. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamuuliza yote, moja baada ya jingine, foleni ikinung'unika nyuma yangu.